ES-335 ya zamani: mulika tochi ndani kabla hujalipa

Mkuu, umeuliza mawili: kama gitaa la umeme la ES-335 la kampuni ya Gibson unalotaka kununua litapiga mluzi jukwaani kama lile gitaa la jazi ulilouza, na kama namba iliyo nyuma ya kichwa inatosha kuthibitisha kuwa ni la 1967. Nina moja la mwaka huohuo, huu ni mwaka wa tisa nalipigia kwenye bendi ya rumba huku Manchester, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu.

Yale matundu yenye umbo la f yanadanganya macho. Mulika tochi ndani utakuta ukuta wa mbao. Ni gogo la mbao ngumu ya mepo linalopita katikati ya mwili wote, kutoka shingoni hadi kwenye kitako. Mabawa mawili ya pembeni ndiyo pekee yaliyo wazi. Mluzi unatokea pale sauti ya spika inapotikisa uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, nazo zinarudisha sauti ileile kwenye spika. Gogo linauzuia uso usitikisike ovyo. Kwenye gitaa langu la kwanza, lililokuwa tupu kabisa, nilikuwa nasimama mbali na amplifaya na bado lilinipigia mluzi kila sebene ikipamba moto. Hili nasimama mbele ya spika na linatulia.

Wazo lenyewe lilichukua miaka kukubalika. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mpiga gitaa Mmarekani Les Paul alichukua boriti ya mbao ya paini ya inchi 4 kwa 4, akaifunga nyuzi, kisha akaibandika pembeni nusu mbili za gitaa la Epiphone ili ifanane na gitaa. Gibson waliikataa. Mwaka 1952 wakatoa gitaa la mbao nzima, lisilo na uwazi ndani, lenye jina lake, lakini wapigaji wengi walikuwa bado wanaupenda mwili mpana wenye uwazi. Mwaka 1958, kiwandani Kalamazoo, Michigan, chini ya rais wa kampuni Ted McCarty, wakaviunganisha viwili hivyo: mwili mwembamba wa plaiwudi ya mepo wenye gogo ndani. Kwa kuwa uso umebinuka na gogo limenyooka, waliziba nafasi kwa vipande vya mbao ya sprusi vilivyochongwa kufuata mbinuko. Kazi ya fundi hasa, ninavyoona mimi.

Piki-apu zake, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni za koili mbili, ubunifu wa Seth Lover: koili moja inafuta mngurumo wa umeme unaonaswa na nyingine. Kwenye kumbi zenye taa nyingi utaishukuru.

Kwa sisi wa rumba, utamu uko kwenye shingo. Mwili umekatwa pande zote mbili na shingo inaungana nao karibu na freti (kile kijiti cha chuma kinachogawa shingo) ya 19, kwa hiyo mkono unapanda juu kabisa bila kugonga mbao. Sebene inaishi huko juu. Ila ujue kuwa tangu 1965 shingo zilibanwa pale juu kwenye kichwa, upana wake ukashuka kutoka kama milimita 43 hadi 40 hivi. Vidole vyangu ni vinene, na ilinichukua miezi kuzoea kodi (mishiko ya nyuzi kadhaa kwa pamoja) za freti za mwanzo. Lipige kwanza, usinunue kwa picha.

Kuhusu namba, usiitegemee peke yake. Miaka ya 1960 Gibson walirudia namba zilezile kwa miaka tofauti. Chukua kioo kidogo kama cha daktari wa meno, ukipitishe kwenye tundu la f, usome migongo ya potensiomita zilizo chini ya vifundo vya sauti na toni. Ukikuta 1376633, basi 137 ni CTS, kampuni iliyoitengeneza potensiomita, 66 ni mwaka 1966, 33 ni wiki ya 33 ya mwaka huo. Gitaa haliwezi kuwa la kabla ya potensiomita yake ya asili, ila linaweza kuwa la miezi kadhaa baadaye. Zikisomeka zote nne kwa tarehe zinazokaribiana na risasi ya kuchomelea haijaguswa, hapo nitamwamini muuzaji.

Na kama tochi itapenya kutoka tundu moja hadi la pili bila kukutana na mbao, hilo si 335. Epiphone Casino linafanana nalo sana kwa nje lakini ndani ni tupu, na utarudi kwenye mluzi uleule uliokufanya uuze la kwanza.