Maswali ya Wasomaji: Tunahamia Mbeya, Tukae Mtaa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mume wangu amehamishiwa Uyole, Mbeya, nasi tunatarajia kuondoka Morogoro kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mimi ni muuza vitenge na nimepata meza katika Soko la Mwanjelwa. Tuna watoto watatu: wa kwanza anaingia darasa la saba, wa pili darasa la tatu, na wa mwisho ana miaka minne na anasumbuliwa na pumu. Shemeji yangu anashauri tupange Uzunguni kwa kuwa kuna utulivu, mume wangu anataka Isyesye ambako ameambiwa kodi ni nafuu na nyumba zina uwanja, nami naona tukae Mwanjelwa karibu na biashara. Je, ni mtaa upi unaofaa kwa familia yenye watoto?
*Mama wa Watatu, Morogoro*

JIBU: Dada yangu, kila mmoja wenu ametazama jambo la kweli. Shemeji ametazama utulivu, mumeo ametazama kodi, nawe umetazama safari yako ya sokoni. Hata hivyo, katika hesabu zote tatu sikumwona mtoto anayekwenda shule kwa miguu, na kwa jiji la Mbeya huyo ndiye ambaye mimi ningeanza naye. Sehemu kubwa ya Mbeya imejinyoosha kando ya barabara kuu ya TANZAM, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hadi Zambia, na malori ya mizigo hupita usiku na mchana baina ya makazi, masoko na shule. Uyole atakakofanyia kazi mumeo na Mwanjelwa utakakouzia vitenge vyote viko kwenye barabara hiyohiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia nyumba, ulizieni shule, kisha tafuteni nyumba iliyo upande uleule wa barabara kuu na shule hiyo.

Usiudhike nikilisisitiza hili kuliko mengine. Mtu mzima huzoea kuvuka barabara kuu hata akasahau kwamba anavuka, lakini mtoto wa darasa la tatu hana macho ya kukadiria mwendo wa lori linaloshuka mteremko likiwa na shehena, na maeneo ya miteremko kama Iwambi na Mlima Nyoka yanajulikana kwa ajali za magari makubwa. Upanuzi wa kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, chenye urefu wa kilomita 29, kuwa barabara ya njia nne unalenga kupunguza foleni, na ni jambo jema kwa wasafiri. Mzazi, hata hivyo, asidhani kwamba barabara pana ni salama zaidi kwa mtoto. Njia zinapoongezeka, yule anayevuka hukaa barabarani kwa muda mrefu zaidi, na magari yakipata nafasi huongeza mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka mashariki hawalijui mpaka wafike. Mbeya iko magharibi zaidi kuliko Morogoro ilhali saa ni moja nchi nzima, hivyo jua huchelewa kuchomoza, na mwezi Juni au Julai linaweza kutoka karibu na saa moja asubuhi. Mtoto anayetakiwa kuwa shuleni mapema hutembea gizani, tena katika baridi, na yule wa shule binafsi inayotumia basi la njano huweza kuamshwa saa kumi na moja alfajiri ili azungushwe jiji zima kabla ya kufika darasani. Ndiyo maana nasema shule ya karibu yenye sifa za wastani ni bora kwa mtoto mdogo kuliko shule yenye sifa kubwa iliyo mbali. Najua wazazi wengi hawatakubaliana nami, hasa wanaochagua shule kwa kutazama matokeo ya mtihani peke yake.

Kuhusu huyo wa darasa la saba, msicheleweshe uhamisho hata kwa wiki moja. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake katika mfumo wa kumbukumbu wa PReM unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, na uhamisho wake hupitia katika mfumo huo. Kwa hiyo ni lazima mwalimu mkuu wa Morogoro amtoe na yule wa Mbeya ampokee. Usajili wa watahiniwa hufanyika katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na mtoto ambaye namba yake imebaki shule ya zamani huwaletea wazazi usumbufu ambao ungeepukika kwa ziara moja ya Desemba. Nendeni na nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti zake za maendeleo, na mkiwa hapo ulizeni idadi ya wanafunzi katika darasa moja, hali ya vyoo, na kama watoto hupata uji au chakula cha mchana.

Sasa nigeukie mitaa yenyewe. Uzunguni ni kweli kuna utulivu, miti mikubwa na viwanja vipana, kwa kuwa palipangwa tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya makazi ya Wazungu. Lakini Uyole iko kilomita zipatazo 10 kutoka katikati ya mji, na mumeo angekuwa akivuka karibu jiji zima kila siku kwenda na kurudi. Kuishi ndani ya Mwanjelwa kutakupunguzia nauli, ila soko kubwa huja na kelele, malori ya kushusha mizigo hadi usiku, na msongamano wa bajaji na bodaboda ambao humnyima mtoto mahali pa kuchezea. Isyesye kuna nyumba nyingi mpya na nafasi ya kutosha, na mume wako hajakosea kuvutiwa. Ila katika mitaa inayojengwa sasa, barabara za ndani hugeuka tope masika, nguzo za umeme na mabomba ya maji hufuata nyumba badala ya kuzitangulia, na jirani wa karibu anaweza kuwa pagala lisilo na mtu. Mimi ningewashauri mtafute kati ya Ilomba, Sae na maeneo ya Nane Nane, ambako ninyi wawili mtagawana safari kwa haki, lakini iwe mitaa ya ndani, mbali na ngurumo za barabara kuu.

Bahati nzuri mnahamia wakati wa mvua, ambazo Mbeya huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msione nyumba siku ya jua mkaridhika. Rudini mara baada ya mvua kubwa, mtembee kutoka getini hadi shuleni, mtazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, kisha mkague kuta za nje, kwa maana maji yakiwahi kuingia huacha mstari wa tope hata kama mwenye nyumba amepaka rangi juu yake. Jiji limezungukwa na milima, na nyumba zimepanda miteremko ambayo zamani ilikuwa misitu au mashamba. Mwezi Aprili 2024, tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere liliangukia makazi katika kata ya Itezi na kufukia nyumba. Kata nzima haifai kuogopwa kwa sababu hiyo, ila nyumba iliyo chini kabisa ya mteremko uliokatwa miti, au iliyo mdomoni mwa korongo, iacheni hata kama kodi yake ni nusu. Vivyo hivyo nyumba iliyoegemea ukingo wa mto, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mpangaji hana faida ya kuingia katika mgogoro wa namna hiyo.

Mtoto mwenye pumu anahitaji mambo matatu katika nyumba: jua, hewa na ukavu. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na chumba kisichopigwa na jua mchana huota ukungu ukutani, jambo ambalo huchochea kikohozi na kubanwa kwa kifua. Chagueni nyumba ambayo chumba cha watoto kina dirisha linalopokea jua, tena isiwe jirani na karakana, mashine ya kusaga au barabara ya vumbi, kwa sababu kiangazi cha Mbeya kina vumbi jingi. Naomba pia mlishike hili kama sheria ya nyumba: jiko la mkaa lisilale ndani kwa ajili ya kuota moto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini, na wageni wa nyanda za juu huingia katika hatari hii kwa kuwa baridi imewashtua. Nunueni mablanketi mazito na masweta. Mitumba ya Mwanjelwa haitakuangusha. Pia jueni mapema kituo cha afya kinachopokea wagonjwa usiku karibu nanyi, kwani Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko mjini na pumu haisubiri foleni.

Mengine ni ya kawaida. Ulizeni majirani, si dalali, kuhusu mgao wa maji, na mkiona kila nyumba ina matangi makubwa basi jibu mmeshalipata. Hakikisheni mita ya maji haina deni na mita ya LUKU ni yenu peke yenu. Fikeni mtaani usiku wa Ijumaa, maana Mbeya ni jiji la makanisa na mikesha yake ina vipaza sauti, na baa nazo zina vyao. Mkishahamia, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkajitambulishe. Huko ndiko mtakakosikia ukweli kuhusu wezi, ulinzi shirikishi na michango yake. Kama mwenye nyumba atakubali miezi mitatu, anzeni na mitatu.

SWALI: Mhariri, nimepangiwa kazi Iringa mjini na nina mke na mtoto mchanga. Nimeonyeshwa nyumba mbili za kodi inayolingana, moja Ipogolo na nyingine Kihesa jirani na hosteli za wanafunzi. Nichukue ipi?
*Baba Mpya, Singida*

JIBU: Kaka, hongera kwa mtoto. Ipogolo iko chini, karibu na Mto Ruaha Mdogo, pale ambapo barabara ya kuingia mjini inaachana na barabara kuu, na mji wenyewe uko juu ya kilima. Kila utakapohitaji kliniki, soko kubwa au ofisi, wewe au mkeo mtapanda kilima hicho, na mama mwenye mtoto mgongoni hataupanda kwa miguu mara nyingi. Atategemea daladala au bajaji. Kwa hiyo ningechagua Kihesa, ila si nyumba hiyo. Iringa ni mji wa vyuo, na mitaa iliyo karibu navyo ina wapangaji vijana wanaolala usiku wa manane, wanaobadilika kila mwaka, na wanaofanya vyumba vipande bei wakati vyuo vinapofunguliwa. Ingia ndani zaidi, mahali penye nyumba za familia, penye kamba za nguo za watoto na bustani za mboga, na ukikosa hapo tazama Mtwivila. Ukubwa wa nyumba usikusumbue sana kwa sasa, maana mtoto mchanga hahitaji uwanja, bali mkeo anahitaji majirani wenye watoto wa umri huo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu ninayehamia Njombe kumsaidia binti yangu kulea wajukuu. Dalali anataka nimkabidhi yeye kodi ya mwaka mzima pamoja na malipo yake ndipo anipe ufunguo, akidai kwamba mwenye nyumba yuko safarini. Nifanyeje?
*Babu wa Wajukuu Wanne, Songea*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usitoe fedha hiyo. Ni desturi iliyozoeleka kwamba dalali hulipwa kiasi cha kodi ya mwezi mmoja, na hilo halina ubaya, lakini hulipwa baada ya kazi kukamilika, na kodi ni ya mwenye nyumba. Kama kweli yuko safarini, ana simu na ana akaunti. Mwombe binti yako aende ofisi ya serikali ya mtaa akaulize nyumba ile ni ya nani, kisha mkataba uandikwe kwa jina la mwenye nyumba huyo, usainiwe mbele ya mtendaji wa mtaa, na malipo yapitie benki au simu ili jina la mpokeaji lionekane. Dalali akikasirika kwa kuambiwa hivyo, tafuta dalali mwingine, au umwachie binti yako aulize kwa majirani zake, kwa kuwa katika mji wa kiasi cha Njombe nyumba nyingi za kupanga hupatikana kwa kuulizana bila dalali yeyote.