Maswali yenu: moyo baada ya shambulio

*Baba alizibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti (kijibomba cha waya kinachouweka mshipa wazi) wiki iliyopita. Eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, inasema kila pigo moyo unasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyomo. Ndiyo basi? (Morogoro)*

Bado. Eko ya wiki ya kwanza hailinganishwi na ya baadaye. Msuli ukikosa damu kwa muda, sehemu yake hufa na kuwa kovu, nyingine huzimia tu. Iliyozimia haiamki papo hapo damu inaporudi. Hukaa siku kadhaa, hata wiki, bila kukaza sawasawa. Rudieni kipimo baada ya miezi mitatu, dawa zikiwa zimemezwa zote. Ndipo daktari aamue kama anahitaji kifaa cha kushtua moyo.

Tena angalieni dozi. Bisoprololi na enalaprili, dawa za kuupunguzia moyo mzigo, huanza kidogo, mathalani bisoprololi miligramu 1.25 na enalaprili 2.5, kisha hupandishwa kadiri presha, mapigo na figo vinavyoruhusu. Wengi hutoka wodini na dozi ya kuanzia, na mwaka mzima cheti kinanakiliwa vilevile. Kila kliniki ulizeni: tunapandisha? Enalaprili ikimletea kikohozi kikavu, aombe kubadilishiwa losartani, asiache kimyakimya.

*Nina stenti, najisikia mzima. Niache dawa? (Mombasa)*

Swali hili limenichosha. Hapana! Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, miligramu 75 kila moja, kwa kawaida huenda pamoja miezi 12, kisha aspirini inaendelea. Ukiacha mapema, damu huganda ndani ya stenti. Hata wa kung'oa jino asikuachishe kabla hajaongea na daktari wako wa moyo.

*Kitunguu saumu kinazibua mishipa?*

Kitieni kwenye mchuzi.

*Magoti yanauma, nimeze diklofenaki? (Tabora)*

Usimeze. Huongeza hatari ya shambulio jingine, hushikilia maji mwilini, na pamoja na enalaprili huumiza figo. Ibuprofeni nayo huizuia aspirini kufanya kazi. Tumia parasetamoli.

*Tendo la ndoa lini?*

Ukipanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema. Ila mwenye dawa ya nitrati ya kuweka chini ya ulimi asiguse sildenafili (dawa ya nguvu za kiume): presha huporomoka.

*Kifua kikibana tena usiku, nisubiri kupambazuke?*

Usisubiri. Tafuna aspirini miligramu 300 kama haikudhuru, uende hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, si zahanati. Beba cheti cha kuruhusiwa: kama ulishachomwa streptokinesi, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, hairudiwi.