Mwalimu, kikombe kimenipita miaka miwili

Wiki hii barua nyingi zimekuja juu ya Meza ya Bwana, ule mkate na kikombe cha Ushirika, sijui ni Pasaka imepita ama nini. Nimechagua nne. Ya kwanza ni ndefu na nimeijibu kwa urefu, wale wengine mnisamehe.

*

Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kayole. Miaka miwili iliyopita niligombana na wifi yangu juu ya pesa za chama. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina, zamu yangu ya kupokea ikafika na pesa hakuna, tukatukanana mpaka majirani wakatoka kwa balkoni. Jumapili hiyo nikashiriki Meza kama kawaida. Jumatano nikalazwa na taifodi, siku nne. Mama mmoja wa maombi akaniambia "wewe ulikula isivyostahili, enda usome Wakorintho." Tangu hapo sinia ikinifikia naipitisha kwa jirani haraka kama imetoka jikoni ikiwa moto. Mtoto wangu wa gredi ya tano ameniuliza, mum, kwani wewe haujaokoka? Nishiriki ama nisishiriki? Na kile kikombe kweli kinaweza kuangamiza mtu?
Mama Watatu, Kayole

Asifiwe sana mama. Tuanze na taifodi tuimalize. Taifodi inaletwa na maji machafu na chakula kichafu, na mimi nimekaa Eastlands miaka mingi, najua paipu ya maji na ya sewa zinavyopitana huko chini. Mtu akiugua Kayole sikimbilii kuuliza alikula nini kanisani.

Lakini huyo mama wa maombi hakujitungia neno. Lipo, 1 Wakorintho 11:27, barua ya Paulo kwa kanisa la Korintho, na ule mstari wa 30 unasema wazi kwamba wengi wao walikuwa dhaifu na wagonjwa na wengine wamelala, yaani wamekufa. Siwezi kukufutia mstari. Naweza tu kukuonyesha ni nani alikuwa anaambiwa hayo, na kwa nini.

Kanisa la Korintho halikuwa na jengo, walikutana kwa nyumba ya mtu mwenye uwezo, na Meza ilikuwa ndani ya chakula chenyewe cha jioni, si kile kipande cha mkate saizi ya ukucha tunachopewa sisi. Sasa wenye nazo walikuwa wanafika na chakula chao na divai yao, wanaanza kula bila kungoja mtu, halafu yule kibarua, yule mtumwa, anakuja baadaye akitoka kazini, hebu fikiria mtu wa mjengo ametembea kutoka Industrial Area, miguu imejaa simiti, anaingia anakuta sufuria imekwanguliwa na ndugu yake katika Kristo amelewa chakari. Mstari wa 21 ndio huo, huyu ana njaa na huyu amelewa. Na Paulo anawauliza, mnawatahayarisha hao wasio na kitu? Umeshaenda harusi ukaona hema la wageni waheshimiwa wanakula pilau na kuku na nyinyi wengine mnaambiwa ngojeni, halafu chakula kinaisha ukiwa kwa laini? Sasa weka hiyo harusi ndani ya kanisa na uiite Meza ya Bwana. Hapo ndipo Paulo alipandwa na hasira.

Na uangalie hilo neno lenyewe. Biblia yetu haijasema "asiyestahili." Imesema "isivyostahili." Mama, hiyo -vyo- ndiyo imebeba mzigo wote, inaongea juu ya jinsi mtu anakula, haiongei juu ya mtu ni wa namna gani. Hata Kigiriki cha Paulo ni hivyo hivyo. Kama ingekuwa ni kungoja wanaostahili, mkate wa mwaka mzima ungeoza hapo madhabahuni. Nani anastahili? Petro alikuwa hapo mezani usiku ule wa karamu ya mwisho na kabla jogoo awike alikuwa ashamkana mara tatu. Na Luka anaandika kwamba Yesu alipomaliza kutoa kikombe alisema mkono wa anayenisaliti uko nami hapa mezani. Alijua, na bado akamega.

Dawa ambayo Paulo anaitoa mwisho wa sura, watu hawaisomi, wanaishia kwa ile vitisho. Mstari wa 33: mkutanikapo mpate kula, mngojane. Basi. Hakusema mfunge siku saba, amesema mngojane. Na hata kujihoji kule kwa mstari wa 28, soma mpaka mwisho, "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate." Ajihoji ndio ale, si ajihoji ndio atoroke.

Mimi huwa nafikiria sana hili neno letu ushirika. Kwa Meza tunasema Ushirika Mtakatifu, na ukienda mjini unakuta chama cha ushirika, watu wameweka shilingi zao pamoja, na wewe umeumizwa kwa chama, kumbe ni kitu kimoja kimekuuma pande zote mbili. Ushirika maana yake tuna kitu chetu pamoja. Paulo sura ya 10 anauliza, mkate tuumegao si ushirika wa mwili wa Kristo? Na hapo hapo anaongeza kwamba kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Kwa hivyo ukila huli Yesu peke yake kama mtu amejifungia chumbani na chapati zake, unakula pamoja na wote walio mwili wake, na mmojawapo, pole kusema, ni wifi yako.

Na "ukumbusho" pia, lile neno la Yesu "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu," tumeufanya mdogo sana, kama picha ya marehemu kwa ukuta. Yesu aliyasema hayo kwa karamu ya Pasaka, na Myahudi akila Pasaka, karne nyingi baada ya Musa, anamwambia mtoto wake ni kwa ajili ya yale Bwana aliyonifanyia mimi nilipotoka Misri. Mimi! Hakuwa amezaliwa. Kukumbuka kwao ni kuingia ndani ya hiyo safari. Kwa hivyo hicho kikombe kikifika kwa mkono wako si habari ya zamani unasimuliwa, ni wewe unaambiwa leo umesamehewa, na huko kusamehewa ndiko utatoa akiba ya kumsamehea mtu, manake kwa nguvu zako mwenyewe pesa za chama haziwezi kusameheka, tusidanganyane.

Sasa wifi. Mathayo 5:23-24 iko, acha sadaka yako hapo, enda upatane kwanza. Miaka miwili mama ni mingi. Mpigie simu, usitume meseji, meseji zina ukali ambao mtu hakuweka. Usianze na pesa. Deni libaki deni, kusamehe si kufuta hesabu za chama, mnaweza kukaa chini na wanachama wengine mpange atalipa aje. Na akikataa kushika simu? Warumi 12:18 inasema kama yamkini, kwa upande wenu. Upande wako ukiufanya, Jumapili inayofuata shika kile kikombe na unywe. Na huyo mtoto wa gredi ya tano mwambie ukweli kwamba mum alikuwa na kitu cha kutengeneza na shangazi.

Acha nikuambie kitu kimoja cha kwangu. Nikiwa kijana nilipewa kubeba treyi ya vile vikombe vidogo vya plastiki mara ya kwanza, suti ya kuazima, mikono inatetemeka, nikajikwaa kwa waya wa maiki na treyi nzima ikaenda chini, juisi nyekundu imetapakaa kwa simiti nyeupe, kanisa kimya. Nilijua nimekufa. Cucu mmoja, nyanya wa benchi ya mbele, akajifungua leso yake kiunoni, akapiga magoti, akaanza kupangusa, akaniambia polepole, "Damu ya Bwana ilimwagika kitambo, wewe lete vikombe vingine."

*

Mwalimu niaje. Mimi ni wa ACK, kanisa la Anglikana, mchumba wangu ni Mkatoliki, tunaoana Desemba. Nikienda kwao misa siruhusiwi komunyo. Nakaa kwa benchi kama mgeni wakati yeye anapanga laini. Kwani Yesu ni wangapi?
Bi Harusi Mtarajiwa, Lang'ata

Yesu ni mmoja, sisi ndio wengi. Wakatoliki wanafundisha kwamba mkate na divai vinageuka kabisa kuwa Mwili na Damu, Mtaguso wa Laterano wa 4, mkutano mkuu wa maaskofu wao mwaka 1215, ulilitaja hivyo, na kwao kupokea ni kutangaza kwamba uko ndani ya umoja wa kanisa hilo na mafundisho yake. Kwa hivyo hawakufukuzi, wanakwambia usiseme ndiyo kwa kitu ambacho bado haujakikubali. Inauma, lakini ni uaminifu. Usiende kwa laini kwa ujanja eti padre hakujui. Parokia nyingine unaweza kwenda mbele ukiwa umekunja mikono kifuani, upewe baraka.

Na usidhani ni Wakatoliki tu. Luther na Zwingli, viongozi wa mwanzo wa Waprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, wakakubaliana karibu kila kitu isipokuwa hii meza, Luther akang'ang'ania maneno "huu ni mwili wangu" aliyokuwa ameyaandika kwa chaki mezani, na wakaachana hapo. Hata hapa kwetu, Juni 1913 wamisionari Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine walikutana Kikuyu, kwa misheni ya Waskoti, kupanga namna ya kushirikiana, na mwisho askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, akaongoza Ushirika ndani ya kanisa la Wapresbiteri na wengi wakashiriki pamoja. Askofu Weston wa Zanzibar, naye Mwanglikana, alipopata habari akataka maaskofu wenzake, Peel na Willis wa Uganda, washtakiwe uzushi! Kelele zikafika mpaka Canterbury, kwa askofu mkuu wa Waanglikana. Watu wakatunga utani kwamba uamuzi ulikuwa hivi, ibada ile ilimpendeza Mungu sana na kamwe isirudiwe tena. Nikipita hapo Thogoto, palipokuwa hiyo misheni, na matatu huwa nacheka peke yangu.

Nyinyi wawili ongeeni na padre na vika wenu sasa, si Novemba. Na mchumba wako akirudi kwa benchi, mpe mkono, msali pamoja. Hiyo hakuna mtu amekataza.

*

Tukikosa divai tunaweza kutumia soda? Kikundi chetu cha vijana kilitumia soda nyeusi na biskuti kwa kesha.
Brayo, Umoja

Brayo, Brayo. Wakatoliki sheria yao ni mkate wa ngano na divai ya zabibu, hakuna mjadala. Juisi ya zabibu wengi wetu tunatumia sababu ya daktari mmoja wa meno, Mmethodisti wa Marekani anaitwa Thomas Welch, ambaye mwaka 1869 aliichemsha isichache ndio kanisa lake lisitumie pombe. Kwa hivyo hata yeye alihangaika ibaki zabibu. Sisemi Mungu aliwakasirikia, lakini duka la kona lina mkate na supamaketi ina juisi, huo ulikuwa uvivu.

*

Mama yangu amelala kitandani Dagoretti tangu mwaka jana, kila Jumapili ya Meza analia. Naweza kumbebea kwa mfuko?
Kifungua Mimba

Usibebe mwenyewe, mwambie mchungaji, ni kazi yake na wengine wanasahau mpaka wakumbushwe, mkumbushe tena. Si kitu kipya, Justin Mfiadini, Mkristo wa zile karne za kwanza, akiandika Roma karibu mwaka 155 anasema wasiokuwepo walipelekewa na mashemasi. Ita majirani wawili watatu wakae naye asile peke yake. Weka kameza kando ya kitanda, kitambaa safi, umwinue kwa mito ndio asikabwe, na kama mkate mkavu unamsumbua kumeza sema mapema, kipande kidogo kama punje ya mchele, kikichovywa kwa kikombe, kinatosha.