Homa ya Bonde la Ufa: inafuata miaka au inafuata maji?

Swali: Mimi ni mnunuzi wa mbuzi na kondoo minadani, naishi Dodoma. Mwaka 2007 nilikuwa kijana, na nakumbuka jinsi watu walivyoikimbia nyama. Wazee wanasema homa ile huja kila baada ya miaka kumi, lakini 2017 ilipita kimya huku kwetu. Je, inafuata miaka au mvua? Na kwa nini Wakenya walianza kuugua kabla ya Krismasi, sisi ikatufikia Februari? Nifanye nini mimi ninayeshika mifugo kila siku?

Jibu: Inafuata maji, ndugu yangu, tena maji yaliyotuama. Hesabu ya wazee imetokana na milipuko miwili mikubwa, wa 1997–98 na wa 2006–07, ambayo kwa bahati iliachana kwa takriban miaka tisa. Kirusi chenyewe, ambacho mbu hukieneza kwa mifugo na watu, hakijui kalenda.

Mbu wa jamii ya Aedes hutagia mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa madimbwi ya msimu. Mayai hayo huvumilia ukame kwa miaka, na baadhi yake huwa tayari yana kirusi kilichotoka kwa mama. Mvua ya kawaida hulowesha ardhi, jua likaikausha, mambo yakaishia hapo. Mafuriko yakikaa wiki moja au zaidi, mayai huanguliwa kwa wingi na mbu wapya huanza na mifugo iliyo karibu. Dimbwi likidumu na kuota majani, mbu wa jamii ya Culex huzaliana humo, na hao ndio wanaoutawanya ugonjwa kutoka kundi hadi kundi.

Ndiyo maana ramani ya ugonjwa huu haifanani na ramani ya mvua. Mlima unaopata mvua mara mbili ya Dodoma unaweza kuwa salama, kwa sababu maji hayakai. Tambarare za Garissa na Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, na mbuga zenu za udongo mweusi wa mfinyanzi, ni nchi kavu, lakini zikifurika maji hayana pa kwenda.

Sasa hiyo tofauti ya miezi. Kaskazini-mashariki mwa Kenya mvua za vuli za 2006 zilizidi kipimo kuanzia Oktoba, na wagonjwa wa kwanza walijulikana mwishoni mwa Novemba. Kati ya mvua kubwa na wagonjwa hupita mwezi na ushei: mbu waanguliwe, kondoo na mbuzi watupe mimba na vitoto vife, ndipo wachungaji na wachinjaji waanze kuugua. Ninyi Dodoma mna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo madimbwi yenu hujaa baadaye. Tanzania ugonjwa ulionekana kwanza Januari 2007 upande wa Ngorongoro, kisha ukaingia mikoa mingine, na Dodoma ikaumia kuliko yote. Kuhama kwa mifugo kulichangia. Biashara yako ni sehemu ya ramani hiyo, nalisema bila kukulaumu.

Hadi mapema Mei 2007 Tanzania ilikuwa imeripoti wagonjwa 264, na 109 kati yao walifariki. Usichukulie kwamba karibu nusu ya wanaoambukizwa hufa. Waliohesabiwa wengi ni waliozidiwa. Walio wengi hupata homa na maumivu ya mwili, wakameza dawa za malaria, wakapona bila kujulikana. Wachache ndio huvuja damu, huugua ubongo au huharibika macho.

Kuhusu El Niño, yaani joto la kupita kawaida la Bahari ya Pasifiki linalobadilisha mvua, watu wameishika kama hirizi. Ni kweli ilikuwepo 1997 na 2006, lakini miaka yote miwili Bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto kupita kawaida. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali sana, watu wakajiandaa, na mlipuko mkubwa haukuja. Badala yake, Machi 2016 Uganda ilipata wagonjwa Kabale, nyanda za juu ambako wachache wangeutazamia. Misri ilipigwa 1977 bila kutegemea mvua yake; kule kuna mifereji ya Nile. Na Septemba 2000 ugonjwa ulizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika, kwa kirusi kinachofanana sana na kile cha Afrika Mashariki cha 1997–98.

Kwako wewe, kipimo bora kuliko taarifa ya bahari ni swali moja la mnadani: kundi hili limetupa mimba hivi karibuni? Mbuzi mmoja si habari. Nusu ya kundi ndani ya siku chache, msimu wa madimbwi, usinunue, na mpigie ofisa mifugo siku hiyohiyo. Mnyama mgonjwa asichinjwe, hata kwa bei ya kutupa. Damu na kondo la nyuma ndivyo vinavyowaambukiza wengi wa kazi yenu, kwa hiyo vaa glavu, na maziwa yachemshwe.

Chanjo ya binadamu haijaidhinishwa. Ya mifugo ipo, ila ichomwe kiangazi, mvua bado. Kuna chanjo ya zamani inayoweza kuharibu mimba, hivyo muulize daktari wa mifugo aina yake kabla ya kuchanja wenye mimba. Ugonjwa ukishaingia zizini, usiruhusu sindano moja ipite kundi zima, kwani itafanya kazi ya mbu.