"Ukaniangalizie": babu alipanga herufi, nami naenda Mainz

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Masasi, nimepata safari ya mafunzo Ujerumani wiki mbili na ratiba inaonyesha siku moja tutapelekwa Mainz kwenye makumbusho ya uchapaji, yale ya Gutenberg, yule Mjerumani aliyeanzisha uchapaji wa herufi Ulaya. Wenzangu wanataka tuombe hiyo siku twende madukani, eti mashine kuukuu zina nini. Sasa babu yangu mzaa mama alikuwa mpanga herufi kwenye chapa ya misheni huku kwetu, yaani anapanga herufi za risasi moja moja mpaka ukurasa wa kuchapwa, mpaka leo anasoma maandishi ya kinyume bila kukwama. Nilipomwambia naenda huko alinyamaza kidogo akasema "ukaniangalizie". Hakusema nimwangalizie nini. Nisaidie dada.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Madukani usiende, hao wenzako waache waende.

Watu wengi wakifika pale wanakimbilia Biblia aliyoichapa Gutenberg, na kweli ipo, tena nakala mbili za ile ya mistari 42 kwa ukurasa iliyokamilika kama mwaka 1455, zinapendeza na utaziona. Ila babu yako hajakutuma Biblia. We tafuta walipoweka vifaa vya kutengenezea herufi, ukae hapo hata nusu saa. Wewe mtu wa Mtwara utaelewa haraka kwasababu kazi inaanza kama ya wachongaji wetu wa Kimakonde, fundi anachukua kipande cha chuma kigumu anachonga herufi kwenye ncha yake, ikiwa kinyume, moja tu, kwa mkono. Ile ncha inagongwa kwenye shaba laini inaacha shimo la herufi, shimo linafungwa kwenye kalibu ndogo ya mkononi, halafu inamiminwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na metali nyingine inaitwa antimoni, inaganda hapo hapo, unafungua unatoa herufi, unafunga unamimina tena, hivyo hivyo mpaka unapata maelfu yanayolingana kimo. Mi naona hiyo kalibu ndo akili yenyewe ya Gutenberg. Mtambo wa kugandamiza ni skurubu kubwa ya mbao, ndugu wa ule waliokuwa wanakamulia zabibu, na kukamua hata sisi tunakamua mabibo yetu.

Ila usirudi ukatuambia Gutenberg ndo wa kwanza duniani kuchapa kwa herufi za kupanga. China walikuwa na herufi za udongo wa kuchoma tangu miaka ya 1040, na Korea kuna kitabu cha herufi za chuma cha mwaka 1377, kipo Paris mpaka leo.

Na babu yako yumo kwenye historia hiyo hiyo. Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alifika Unguja mwaka 1864, wakawa na chapa yao pale na vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa kwa Kiswahili, na huyo huyo Steere ndo aliyeongoza msafara wa waliokombolewa mwaka 1876 uliokuja kuanzisha makazi hapo hapo kwenu Masasi. Kwahiyo kazi ya babu ina umri mrefu kwenye lugha yetu.

Kitu kimoja fanya kabla ya kusafiri, kaa na babu umuulize kasha lake la herufi lilikuwaje. Kasha lina vyumba, herufi inayotumika sana inapewa chumba kikubwa, sasa wazungu kwao ni e, sisi Kiswahili ni a, hebu hesabu tu a zilizomo kwenye "wanafanana". Muulize kama herufi zilikuja zimehesabiwa kwa lugha ya wazungu wenyewe, a zilikuwa zinaisha katikati ya ukurasa? K je, na w? Walikuwa wanafanyaje? Mrekodi kwenye simu akiongea. Ukifika Mainz tafuta kasha la herufi, piga picha chumba cha e kama wanaruhusu, ukamwonyeshe.

Halafu mwambie mwenyeji wenu aulize mapema, jengo la makumbusho lilifungwa kwa ujenzi na mwaka 2024 maonyesho yakahamishiwa kwa muda kwenye makumbusho ya viumbe ya mji huo huo. Aulize pia kama wanachapa mbele ya wageni, na kama wanachapa omba karatasi moja ubebe, babu ainuse wino.

Akishakujibu ile ya a tuandikie, mi mwenyewe nataka kujua.