Re: Q7 imekuwa bubu baada ya kutoa ampli: USIKATE HUO WAYA!

Weka koleo chini kwanza.

Nimesoma swali lako mara mbili, mudogo wangu. Audi Q7 ya 2008, ampli ya kukuza sauti iliyo kwenye kofre (buti) imelowa maji, umeichomoa, sasa skrini nyeusi na redio kimya. Na huyo fundi wako wa Likasi anataka kukata waya wa rangi ya chungwa aunge kwa shaba "moto upite". Tena umeuliza habari za redio ya Android, kamera ya nyuma na vitufe vya usukani. Hayo yasubiri.

Huo si waya. Ni uzi wa plastiki wa milimita moja, na ndani yake umeme haupiti hata kidogo. Kinachopita ni mwanga mwekundu. Kuunga shaba hapo ni kuziba dirisha kwa sufuria halafu kusubiri jua liingie.

Nayajua haya kwa sababu mjinga aliyekata ni mimi. BMW X5 yangu, nayo ya 2008, nzuri, imepita mpaka wa Kasumbalesa bila mkwaruzo. Siku moja kwenye barabara ya Likasi sauti ikaanza kukatika. Kufika Lubumbashi kila kitu kikafa pamoja: redio, CD, simu, ramani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kampemba. Akachungulia nyuma ya kofre, akacheka. "Papa, ile ni fili tu, waya. Inakatika, inaungwa." Akaukata uzi, kwangu ni wa kijani. Akatazama ndani, hakuna shaba. Akanyamaza kidogo. Hapo ndipo ningechukua funguo nikaondoka, lakini nilikuwa nakula karanga nikimwamini mtu mwenye ovaroli.

Akawasha kiberiti cha gesi, akayeyusha ncha mbili, akazigandamiza, akatia gundi na skochi juu. Ncha zikawa nyeusi kama kucha za muuza makaa. Akasema imepona, ila ampli imeungua. Nikanunua ampli ya mtumba, dola 380. Kimya. Akasema basi ni redio yenyewe. Dola 450. Kimya. Kisha gari likaanza kuamka asubuhi batri imekufa, maana mtandao wa vyombo ndani ya gari ulikuwa haulali usiku. Batri mpya, dola 130. Mikono yake, dola 90. Jumlisha mwenyewe, mimi nikijumlisha presha inapanda. Muuza vipuri naye hakuniuliza hata swali moja, alihesabu makuta akaniambia "karibu tena". Nilikaribia kweli, mara mbili!

Aliyeniokoa ni kijana wa umeme wa magari, alikuja na kitu kidogo kama kidole gumba: kitanzi. Ni plagi yenye kipande cha uzi kilichojikunja ndani, mwanga ukiingia tundu hili unatokea lile. Kwanza akanigombeza kwa ule uzi uliounguzwa, akautoa, akaweka kipande kizima chenye viungio vyake. Kisha akanielezea, na hapa soma polepole.

Mtandao huu unaitwa MOST. BMW na Daimler (wenye Mercedes) ni miongoni mwa walioanzisha ushirika wake mwaka 1998, na gari la kwanza kuubeba lilikuwa BMW 7 ya 2001. Mtandao wa magari uliotangulia, CAN wa Bosch, wa 1986, unapitisha megabiti 1 kwa sekunde ukijitahidi sana. Kwa vioo vya madirisha na injini unatosha, lakini muziki unausonga. MOST ya kwanza inapitisha kama megabiti 25. Ila vyombo vyake vimepangwa kwa duara: kila kimoja kinapokea mwanga, kinausoma, kinampa jirani. Ni watu wanaopokezana ndoo kwenda kuzima moto. Mmoja akisinzia, nyumba inateketea, na wewe unamlaumu aliyeshika ndoo ya mwisho.

Akazima taa ya simu yake, akachomoa plagi moja baada ya nyingine, akiweka ukucha mbele ya tundu. Nukta nyekundu ikatokea juu ya ukucha wake, ndogo kama punje ya mtama. Plagi inayofuata, nukta ipo. Ya tatu, kisanduku cha Bluetooth cha simu: mwanga unaingia, hautoki. Akakichomoa, akaweka kitanzi mahali pake. Redio ikafufuka katikati ya tangazo la sabuni. Ampli yangu ya kwanza ilikuwa nzima muda wote! Sasa nina ampli mbili. Nani anataka?

Kwa hiyo SINUNUI KITU KABLA SIJAONA MWANGA, na wewe usinunue. Washa swichi ya gari, shika plagi uliyochomoa kwenye ampli, tafuta giza, angalia. Tundu moja linatoa wekundu? Weka kitanzi hapo. Skrini ikirudi, duara ni zima na ampli ndiyo mgonjwa. Sauti hutapata, spika zinalishwa na ampli hiyohiyo, usije ukaniandikia usiku kwamba nimekudanganya. Hakuna wekundu? Rudi nyuma chombo kwa chombo mpaka uuone. Audi ina hata kipimo chake cha kutafuta duara lilipokatika, mwenye valizi nzuri (mashine ya kupimia magari) anakifanya bila kufungua kitu. Kama fundi wako hana valizi na hana kitanzi, ana nini sasa? Koleo!

Na usiupinde huo uzi ukirudisha vifuniko. Chini ya nusukipenyo cha milimita 25 mwanga unavuja njiani. Ukiona umezunguka kama shingo ya chupa ya bia ya Simba, umeshauharibu.

Narudia, usikate uzi. Huu wa jukwaani kata ukitaka.

Mambo ya Android tutaongea baadaye, kwanza skrini iwake. Kitanzi changu kiko kwenye droo ya gari. Ukishuka Lubumbashi wiki hii nitakuazima, ila kirudi. Cha kwanza nilimpa shemeji, mpaka leo ananiambia bado anakitafuta.