Usiuze mahindi yote Juni

Dada, umeuliza kama uuze magunia yako sita sasa ulipe madeni, halafu ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ikununulie unga Januari. Mimi ningeuza mawili tu. Juni kila mtu kavuna na soko limefurika. Ikifika Januari na Februari, maghala yamebaki vumbi, bei inapaa. Ruzuku haipandi nayo. Tena hutolewa kila baada ya miezi miwili, ikichelewa utaishia kukopa dukani. NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, nao huuza nafaka kwa bei nafuu kwenye upungufu, ila usitegemee wafike hadi kijijini kwako.

Na bei yetu haiamuliwi hapa peke yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu; malori yakakwama mpakani.

Kwa hiyo kausha vizuri. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kama dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi yarudi kwenye turubai. Yakikauka, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Na dalali akikutajia bei ya rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mwambie alete mizani kwanza.